SOMO: NI PATO LIPI LIHESABIWE ILI MTOTO ALE BURE SHULENI?

Ndugu wanachama, katika ukaguzi wa msimu mmoja nilikuta chama ambacho kamati yake ilikuwa imeazimia kuwalipia wazazi maskini mchango wa mahindi na maharage ya shule. Nia ilikuwa njema. Lakini kamati ilimtafuta maskini katika leja ya mauzo tu, na mzee mmoja aliyeuza magunia mengi akanyimwa, hali deni la pembejeo lilikuwa limemeza karibu malipo yake yote. Wajukuu wake walishinda na njaa darasani mpaka tulipofungua kitabu cha mikopo.

Hesabu hiyo imeandikwa kikanuni huko Marekani, nayo yafaa tujifunze. Sheria yao ya chakula cha mchana shuleni ilitiwa sahihi na Rais Harry Truman tarehe 4 Juni 1946. Kwa kanuni zao, watoto wa kaya ambayo pato lake halizidi asilimia 130 ya kipimo cha umaskini cha Serikali hula bure. Pato likipita hapo lakini lisivuke asilimia 185, hutozwa bei iliyopunguzwa, isiyozidi senti 40 kwa mlo wa mchana. Zaidi ya hapo ni bei kamili. Katika mwaka wa shule 2024/25, kwa kaya ya watu wanne, mipaka hiyo ilikuwa dola 40,560 na dola 57,720 kwa mwaka, isipokuwa Alaska na Hawaii, ambako ni ya juu zaidi.

Kaya ni wote wanaoishi pamoja na kushirikiana mapato na matumizi, wawe na udugu au wasiwe nao. Bibi akiwamo, huhesabiwa yeye na pensheni yake.

Sasa tufike penye uzito. Mwenye mshahara huandika pato lake kabla ya makato yoyote. Mkulima anayejitegemea huandika kilichobaki baada ya kutoa gharama za shamba. Tuseme mkulima mwenye kaya ya watu wanne ameuza mazao ya dola 60,000, na mbegu, mbolea na mafuta ya trekta vimemgharimu dola 22,000. Kwa mauzo matupu, wanawe wangelipa bei kamili. Kwa pato halisi la dola 38,000, wanakula bure. Jirani yake mwenye mshahara wa dola 3,400 kwa mwezi anafikisha dola 40,800. Amezidi mpaka kwa dola 240 tu, na wanawe wanatozwa, ingawa baada ya kodi huenda anapeleka nyumbani fedha chache kuliko mkulima. Kwa maoni yangu, hapo kanuni yao ina kasoro.

Kaya inayopokea msaada wa chakula wa Serikali haiulizwi pato. Majimbo ya California na Maine, tangu mwaka wa shule 2022/23, yaliacha kabisa kumchagua mtoto kwa pato la mzazi wake.

Zoezi kwa kamati: Mwanachama ameuza mazao ya shilingi 1,800,000. Chama kimekata shilingi 950,000 za pembejeo, naye amelipa vibarua shilingi 240,000. Nyumbani mwake kuna watu saba. Tafuteni pato lake halisi, kisha mgawo wa kila mtu kwa mwezi. Vitabu viwili viwe mezani: leja ya mauzo na kitabu cha mikopo.