Kujenga Upya Propela ya Land Rover ya Zamani

Kwenye barabara za vumbi za Mvumi, Itiso na Mpwayungu wilayani Chamwino, Land Rover za zamani, kuanzia modeli ya 109 ya miaka ya 1960 na 1970 hadi Defender zilizofuata, bado zina kazi. Wenye nazo hukagua oili na tairi, lakini propela haitazamwi mpaka ianze kupiga kelele. Ni uzembe wa hatari: propela ikikatika upande wa mbele gari likiwa kwenye mwendo, ncha yake inaweza kuchimba ardhi na kuliyumbisha gari zima.

Land Rover ina propela mbili, ya mbele na ya nyuma, zote zikitoka transfa kwenda kwenye difu. Kila moja ina krosi mbili na sehemu ya meno inayoiruhusu shafti kurefuka na kufupika gari linapopita kwenye mashimo. Kwenye malori na magari yaliyorefushwa chasi, shafti ya nyuma huwa ya vipande viwili, na katikati hubebwa na senta beringi yenye mpira.

Adui wa vyote hivi huku kwetu ni vumbi laini la kiangazi na mchanga wa makorongo wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Vikipenya sili ya krosi, grisi inageuka msasa. Dalili ya mapema ni mlio mwembamba gari likitembea polepole, kisha unasikia "ko!" unapoingiza gia. Ukiona unga wa rangi ya kutu kwenye sili, krosi hiyo imekwisha, hata kama haichezi ukiishika.

Sasa soma hapa kwa makini kuliko kwingine. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka nyuma ya transfa. Ukifungua propela ya nyuma, gari halina tena breki ya mkono upande huo, na likiwa kwenye mteremko litaondoka nawe ukiwa chini yake. Liegeshe penye tambarare, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu, na ukiinua, liweke juu ya stendi. Usiiamini jeki peke yake.

Kabla ya kufungua nati hata moja, safisha shafti kwa brashi ya waya, kisha tia alama kwa patasi au rangi: flanji na flanji mwenzake, na pande mbili za sehemu ya meno. Masikio yanayoshika krosi yana mpangilio wake, na ukirudisha kwa jino tofauti gari litatetemeka na krosi mpya itakufa mapema. Kwa kawaida masikio ya ncha mbili za shafti moja hulingana, lakini propela ya mbele ya Land Rover zenye springi za koili ilitoka kiwandani yakiwa yamepishana. Fuata alama zako, si macho ya fundi.

Nati za flanji ni za spana ya 9/16. Ya 14 haiingii, na ya 15 inalegea na kula kona zake.

Toa klipu, kisha sukuma vikombe vya krosi kwa jiliwa na soketi. Nyundo nzito hupanua masikio, na masikio yakipanuka vikombe vipya havitakaza. Wakati wa kurudisha, shikiza sindano za beringi ndani ya kikombe kwa grisi. Sindano moja ikianguka chini ya kikombe, kikombe hakizami na klipu haikai kwenye mfereji wake. Hapo usilazimishe, toa, panga upya. Krosi iliyofungwa sawasawa inazunguka kwa mkono pande zote bila kukwama.

Pampu grisi mpaka itokeze kwenye sili zote nne. Kwenye meno tia kiasi, kwa sababu ikijaa shafti inakosa nafasi ya kufupika. Senta beringi ambayo mpira wake umepasuka hubadilishwa nzima. Bomba lililopinda lipeleke kwa fundi wa kukereza mwenye uwezo wa kulinyoosha na kulipima balansi. Kuchomelea kwa macho tu hakutoshi.

Propela ya nyuma ikikufia porini, ifungue, ingiza gari kwenye four-wheel, au kwenye Defender funga difu ya katikati, urudi taratibu ukivutwa na magurudumu ya mbele.

Unapoirudisha propela, tumia nati mpya za kujifunga. Baada ya kilomita 100 hivi, rudi chini ya gari na spana ukazihakiki zote, na kila ukivuka korongo lenye maji, pampu grisi mpya siku hiyohiyo.