Usukani Ukilegea, Tusichomelee

Gari letu la kijiji hubeba pamba, wagonjwa na watoto wetu. Usukani wake ukilegea, wote wamo hatarini.

Chini ya gari kuna chuma kiitwacho tairodi. Ndicho kinachogeuza magurudumu ya mbele. Mwisho wake una kifundo, na ndani yake mna kichwa cha mviringo kama gololi. Kifundo kikilika, gari huyumba, na matairi ya mbele huisha vibaya.

Tupime hivi: Gari lisimame. Mmoja autikise usukani kushoto na kulia. Mwingine aangalie kifundo. Kikicheza, kimekwisha.

Wengine husema, "Chomelea tu, tutafika mjini." Hapana! Moto huharibu nguvu ya chuma hicho. Kikikatika, dereva hawezi tena kuliongoza gari.

Tununue kipya. Twende dukani na cha zamani, tulinganishe unene, urefu na hesi. Hesi nyingine hufungwa kinyume. Tunapofungua, tuhesabu mizunguko. Kipya kiingie kwa mizunguko hiyo hiyo. Nati tuikaze, tuitie pini mpya. Kisha fundi apime magurudumu kama yamenyooka.

Maswali
1. Kifundo kilicholika tutakijuaje?
2. Kwa nini tusichomelee?