Arifa za Habari kwa Waandishi wa Kujitegemea

Google Alerts ni huduma ya bure: unaandika neno, na habari mpya zenye neno hilo zinatumwa kwa baruapepe yako. Kazi iko katika kuchagua neno. Ukiandika Hola peke yake, utaletewa jarida la Uhispania. Tana nayo itakupeleka ziwa la Ethiopia. Andika "Tana River" ndani ya alama za kunukuu.

Ongeza "bwawa la Masinga". Likifurika, maji huteremka hadi kwetu Garsen. Habari hizo mara nyingi huishia kwenye kina cha bwawa. Usizinakili, makala yako yaanzie hapo. Nani alipata onyo, kupitia nani, na je, aliwahi kuhamisha mifugo?