Dondoo muhimu: Kukusanya Doctor Who ukiwa Kilimatinde

Anayetaka kukusanya Doctor Who, tamthilia ya BBC iliyoanza Novemba 23, 1963, anunue diski halisi. Utaambiwa flashi ni nyepesi, tena vijana wa kibanda cha muvi wanakujazia sizoni nzima chapuchapu. Ni kweli, lakini kinachofutika kwa kubonyeza mara moja hakijahifadhiwa: BBC wenyewe walifuta kanda zao, na vipindi zaidi ya 90 vya miaka ya 1960 vikapotea. Tisa vilitangazwa kupatikana mwaka 2013, huko Jos, Nigeria, kwa kuwa nakala zilisahaulika stoo ya kituo cha televisheni. Uzembe wenye heri!

Wengine watasema diski nazo hukwaruzika. Hukwaruzika, hasa kiangazi, vumbi la Kilimatinde likipenya hadi ndani ya deki. Basi zisimamishe kwenye makasha yake, mbali na jua, na ufute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe usizungushe. Kabla ya kulipa, geuza kasha la DVD usome namba ya eneo, maana deki huweza kukataa diski ya eneo jingine: za Uingereza ni 2, za Tanzania ni 5. Deki isiyosoma namba zote usiichukue.