Maji na Chumvi kwa Mtu Atokaye Jasho

Ukilima tangu asubuhi, au ukicheza mpira juani, nguo yako inalowa jasho. Ulambe mkono wako, utaonja chumvi. Kwa hiyo wengine husema, "Maji matupu hayafai. Lazima kununua kinywaji cha chupa chenye chumvi." Je, ni kweli?

1. Jasho. Jasho ni maji hasa. Chumvi yake ni kidogo kuliko chumvi ya damu. Basi mtu atokaye jasho hupoteza maji kuliko chumvi. Kwa kazi au mchezo wa saa moja, maji safi yanatosha. Chumvi itarudi kwa chakula: ugali, sombe na samaki. Lakini mwenye kazi nzito ya saa nyingi katika jua kali, anywe maji na kula kitu chenye chumvi. Hata kinywaji kile cha chupa chaweza kumfaa.

2. Kiu. Unywe kwa kadiri ya kiu yako, usijilazimishe. Mwaka 2002, katika mashindano ya mbio ndefu kule Boston, Marekani, waganga walipima damu ya wakimbiaji 488. Katika kila watu 100, watu 13 walikuwa na upungufu wa chumvi katika damu. Sababu kubwa ni kunywa kupita kiasi. Mtu wa namna hii huumwa kichwa, hutapika na kuchanganyikiwa, aweza kufa. Usimwongeze maji. Umpeleke hospitali upesi.

3. Kuhara. Hapa jambo ni lingine. Kuhara huondoa maji pamoja na chumvi nyingi, na mtoto aweza kufa upesi. Maji matupu hayatoshi. Kinywaji cha wachezaji hakifai pia: sukari yake ni nyingi, chumvi yake ni kidogo. Umpe dawa ya pakiti ya hospitali, iliyochanganywa na maji. Kama huna, twaa litre 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu ya kijiko kidogo. Vijiko viwe sawasawa, visifanye kilima. Umnyweshe kidogo kidogo, wala usimwachishe ziwa. Akishindwa kunywa, au macho yakiingia ndani, usikawie kumleta kwetu.

Maswali
1. Chumvi ya jasho hurudi kwa njia gani?
2. Kwa nini si vizuri kujilazimisha kunywa?
3. Mtoto anayehara apewe nini?