MGODI WA MDACHI: TUKICHAMBUE KISAKALE KIMOJA

Katika fasihi simulizi twafunzwa kwamba kisakale ni hadithi inayomhusu mtu aliyeishi au tukio lililotokea, kisha watu wakaitia chumvi kadiri miaka ilivyokwenda. Tukiulizwa mfano kwenye mtihani, mbio twaandika Fumo Liyongo au Lwanda Magere, basi, tumemaliza. Leo nataka tuvuke bahari hadi jimbo la Arizona, Marekani. Huko kuna kisakale ambacho kimeua watu hata katika karne hii. Hebu tutenge mchele na chuya.

1. KISA CHENYEWE

Mashariki ya mji wa Phoenix kuna milima ya jangwani iitwayo Superstition, yaani Milima ya Ushirikina. Husimuliwa kwamba ndani yake mna mgodi wa dhahabu usio na kifani. Ati hapo kwanza ulikuwa wa ukoo wa Peralta kutoka Meksiko, watu wao wakauawa na Waapache, halafu ukaangukia mikononi mwa mzee Jacob Waltz. Mzee akafa na siri yake, ila aliacha vidokezo. Kimoja ni hiki: saa kumi alasiri, kivuli cha mwamba mrefu uitwao Weaver's Needle huonyesha mahali pa mgodi.

2. KWA NINI "MDACHI"?

Waamerika wa enzi hizo waliwaita Wajerumani "Dutch", kwa kuwa Wajerumani wenyewe hujiita "Deutsch". Leo neno hilo la Kiingereza ni la Waholanzi, kwa hivyo wengi hudhani Waltz alikuwa Mholanzi. La hasha! Alizaliwa Ujerumani karibu na mwaka wa 1810. Nasi tuna neno letu kutokana na asili hiyohiyo: Mdachi, ambalo katika Kiswahili cha wazee wetu ni Mjerumani. Kwa hivyo mtu akisema "Mgodi wa Mdachi" amesema sawa kabisa, na Kiswahili kimewashinda wenye hadithi!

3. YALIYO KWELI

Waltz aliishi kweli. Alipata uraia wa Marekani mwaka wa 1861, akawa na shamba kando ya mto Salt, karibu na Phoenix. Februari 1891 mto ulifurika na kuliharibu shamba lake. Mzee akaugua, akatunzwa na Julia Thomas, mama aliyekuwa na duka la mikate mjini, hadi alipofariki tarehe 25 Oktoba 1891. Yasemekana chini ya kitanda chake palikuwa na kasha la mishumaa lililojaa mawe yenye dhahabu.

Agosti 1892 mama huyo alifunga safari ya milimani pamoja na ndugu wawili. Walichomwa na jua wiki kadhaa, wakarudi mikono mitupu. Baadaye mama akawa anauza ramani za mgodi. Jamani! Kama ramani yafikisha mtu kwenye dhahabu, mbona mwenyewe aiuze?

4. TUIULIZE HADITHI MASWALI

(a) Kivuli. Saa kumi alasiri ya Juni, jua la Arizona liko magharibi na bado liko juu, basi kivuli huanguka mashariki. Saa iyo hiyo Desemba, jua liko kusini-magharibi na liko chini, basi kivuli huwa kirefu na huelekea kaskazini-mashariki. Kidokezo hakitaji mwezi. Je, mtafutaji afuate kivuli kipi?

(b) Miamba. Milima hiyo ilitokana na volkano, na wanajiolojia wasema miamba ya aina hiyo pale haielekei kuwa na dhahabu nyingi. Lakini mwaka wa 1892 dhahabu ilipatikana kweli mahali paitwapo Goldfield, chini ya milima, upande wa magharibi. Hapa ndipo penye utamu: hadithi hainawiri kwa uongo mtupu, hunawiri kwa uongo uliochanganywa na chembe ya kweli.

5. WALIOLIPA

Juni 1931 Adolph Ruth, mzee kutoka Washington aliyekuwa na mguu mbovu, aliingia milimani na ramani zake. Desemba lilipatikana fuvu lake likiwa na matundu. Wako waliosema ni risasi, lakini wakuu wa Arizona hawakukubali kwamba aliuawa. Magazeti yakavuma, na badala ya watu kuogopa, wakazidi kumiminika! Julai 2010 wanaume watatu kutoka jimbo la Utah walikwenda kuutafuta mgodi wakati joto la huko hupita digrii 40. Mabaki yao yalionekana Januari 2011.

La kusikitisha zaidi ni kwamba eneo hilo ni hifadhi, na tangu tarehe 1 Januari 1984 sheria hairuhusu mtu kujipimia mgodi mpya humo. Yaani hata ungeuona, usingekuwa wako.

6. TAMATI

Wahenga walisema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Methali hii ni tamu, lakini kwa maoni yangu hapa imepata mpinzani. Limesemwa kwa zaidi ya miaka mia moja, halipo, wala halijaja. Kilichokuja ni mauti. Ndiyo maana wahenga haohao walitwambia, "Tamaa mbele, mauti nyuma." Msomaji, ukisikia hadithi ya utajiri wa haraka, hata hapa mtaani kwetu, muulize msimulizi: ni nani aliyeona? Na kama yajua njia, mbona aiuza ramani?

ZOEZI

1. Taja mambo mawili ya kweli na mawili yasiyo na hakika katika kisa hiki.
2. Eleza kwa nini kidokezo cha kivuli hakitoshi.
3. Msimulie babu au nyanya yako kisa hiki, kisha mwombe akupe kisakale kimoja cha kwenu kuhusu mali iliyofichwa. Kiandike, ukitenga mchele na chuya.