Ganda la Waya na Neno "Nano"

Shaba iliyo ndani ya waya hubeba umeme; ganda la plastiki linaloizunguka ndilo linalomlinda mwenye nyumba. Katika nyumba ya kawaida hapa Sepuka, wilayani Ikungi, ganda hilo, ambalo mara nyingi halifiki unene wa milimita moja, hutenganisha mkono wa mtoto na umeme wa volti 230. Wataalamu hukiita kitu cha namna hiyo kihami. Siku hizi neno "nano" huandikwa kwenye bidhaa za kila aina, na mteja atakayelikuta kwenye roli la waya anastahili kujua maana yake kabla ya kulilipia.

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hadi 100,000 hivi. Mwaka 1994 T. J. Lewis, mtafiti wa Bangor huko Wales, alichapisha makala kuhusu vihami vya kiwango hicho, na tangu hapo watafiti wa nchi nyingi wamekuwa wakichanganya chembe za silika au alumina ndani ya plastiki.

Nguvu ya chembe hizo imo katika nyuso zake. Tuchukue kipande cha silika chenye sentimita moja kila upande: uso wake wote ni sentimita 6 za mraba. Kikikatwa vipande vya nanomita 10, jumla ya nyuso hufikia mita 600 za mraba, yaani kiwanja cha mita 20 kwa 30. Plastiki hushikamana na nyuso hizo, na chaji za umeme zinazotangatanga hunaswa hapo. Kwenye msongo mkubwa, umeme hutoboa kihami kidogo kidogo kwa vijia vinavyotawanyika kama matawi ya mgunga. Chembe hizo huvikatisha njia na kuvichelewesha.

Ugumu uko kwenye kuchanganya. Chembe zikishikana madonge, kama uji uliokorogwa kwa pupa, kihami huweza kuwa dhaifu kuliko kile kisichotiwa kitu. Kwa hiyo teknolojia hii hutafutwa zaidi kwa ajili ya kebo za msongo mkubwa na nyaya za kusukia mota maalumu. (Njia ya kilovoti 400 ipitayo Singida kutoka Iringa kwenda Shinyanga haimo katika hesabu hiyo: nyaya zake ni tupu, na hewa pamoja na vikombe vya nguzoni ndivyo vihami vyake.)

Nyumbani msongo ni mdogo, na maadui wa ganda ni wengine. Plastiki ya PVC itumikayo kwa kawaida hustahimili nyuzi joto 70. Wahandisi hukadiria kwamba kila ongezeko la nyuzi 8 hadi 10 juu ya kiwango chake hupunguza umri wa kihami kwa nusu. Waya mwembamba uliobebeshwa jiko la umeme, tena ukiwa umelazwa chini ya bati mchana wa kiangazi, hufika huko upesi. Waya uliovutwa nje kwenda jikoni hupasuliwa na jua. Panya, katika nyumba zinazohifadhi alizeti, hawasomi maandishi ya lebo.

Kwa maoni yetu, basi, neno hilo si sababu ya kuongeza bei ya waya wa nyumbani. Tafuteni alama ya ubora ya TBS, na ukubwa ulioandikwa wazi: kwa kawaida milimita 1.5 za mraba kwa taa na 2.5 kwa soketi. Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Kabla ya umeme kuunganishwa, mwombeni apime vihami vya nyaya zote kwa kipimo cha volti 500 mbele yenu, na aandike matokeo. Yakiwa chini ya megaomu 1, umeme usiwashwe mpaka waya wenye hitilafu upatikane na ubadilishwe.